Gari la Spoti la Gia za Mkono katika Barabara za Kitui na Makueni

Jioni hii nimepewa wasaa wa kuzungumza juu ya jambo ambalo baadhi ya wazee wetu wataliona kuwa la anasa, na ambalo vijana wengi wa Kitui na Makueni, wake kwa waume, hulitia moyoni tangu siku wanaposhika mshahara wa kwanza: kununua gari la spoti la gia za mkono, si kwa ajili ya mashindano, wala si la kuegeshwa mbele ya nyumba Jumapili, bali la kwendea kazini, sokoni, harusini na matangani, siku zote za mwaka, katika barabara hizi hizi tulizo nazo. Mimi si miongoni mwa wale waliitao jambo hili upuuzi. Mtu apitishaye sehemu kubwa ya maisha yake nyuma ya usukani ana haki ya kutaka muda huo uwe na ladha, na haki hiyo haimhusu tajiri peke yake. Ninachokusudia kukibainisha ni kwamba ladha hiyo aghlabu hutafutwa mahali isipopatikana, yaani katika wingi wa nguvu farasi, ilhali makao yake ya kweli ni katika gari jepesi, lenye injini ya kiasi, ambalo dereva wa kawaida aweza kulitumia lote bila kuvunja sheria na bila kuhatarisha roho za watu.

Tuanze na gia zenyewe. Mwenye gari la otomatiki hukanyaga mafuta, na gari likaamua lenyewe ni gia ipi inayoifaa hali ile; mwenye gia za mkono huitazama njia iliyo mbele yake, akaisikiliza injini, akaamua yeye kabla ya kilima au kona kumfikia. Faida yake huonekana dhahiri zaidi katika kuteremka kuliko katika kupanda. Anayeshuka kutoka milima ya Kilungu, kutoka Nunguni kuelekea Salama, gari likiwa limejaa watu na mizigo, naye akaushikilia mguu wake katika breki tangu juu hadi chini, ajue kwamba breki zile zitapata joto, mafuta yake yatachemka, na kanyagio litalegea pale pale kwenye kona alipolihitaji zaidi. Lakini aliyeingiza gia ya pili mapema huiacha injini ilizuie gari, breki zake akaziweka akiba kwa dharura. Na dereva mjuzi, anaposhusha gia, kabla ya kuiachia klachi huyagusa mafuta kidogo, ili mzunguko wa injini upande hadi ulingane na ule wa magurudumu, na gari likaipokea gia bila kishindo wala mshtuko. Hili ni tendo dogo la kufumba na kufumbua, lakini aliyelizoea hupata kila siku furaha ileile aipatayo fundi wa mbao anapoona viungo viwili vimeshikana sawasawa, na sijaona kwamba furaha hiyo hupungua kwa miaka.

Basi na tuiweke furaha hiyo katika mizani ya sheria. Mwendo ulioruhusiwa mijini na masokoni katika Kenya ni kilomita 50 kwa saa, na matatu na malori hayaruhusiwi kupita 80. Na kwa kuwa barabara zetu nyingi ni za njia moja kwenda na moja kurudi, mwenye gari dogo naye, hata kama sheria imemruhusu zaidi, muda wake mwingi atakuwa nyuma ya lori la mchanga au la maembe. Gari lenye nguvu farasi 300 katika hali hiyo ni sawa na kwamba limelala: gia ya kwanza na ya pili peke yake zimekwisha kulifikisha kwenye kikomo cha sheria, na zilizobaki ni za kungojea. Gari lenye nguvu farasi 120 hadi 140, tena la takriban tani moja kwa uzito, lamtaka dereva atumie gia zote, apange mwendo wake kabla ya kilima, asiupoteze ovyo kwenye kona. Naye atakuwa anashughulika, anafurahi, wala hajakwenda kasi ya kumtia mashakani yeye au mtoto atokaye shuleni.

Kabla ya kutaja majina ya magari yafaa tuzitaje barabara, kwani gari halisifiki mbali na njia yake. Kwa muda mrefu mtu wa Kitui aliyetaka kufika Kibwezi kwa njia ya Mutomo na Ikutha alisafiri katika vumbi jekundu wakati wa kiangazi na katika utelezi wakati wa mvua, na gari lolote lililokaa chini halikumfaa kitu. Leo barabara ile ina lami, na pamoja na kipande chake cha kaskazini kipitacho Kabati na Migwani hadi Mbondoni, urefu wake ni takriban kilomita 190. Nayo ni barabara ya kupendeza mno kwa mwenye kuendesha: huuacha mji wa Kitui ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ikashuka taratibu katika nchi ya mibuyu na vichaka, ikaukata uwanda wa Yatta, ule mwamba wa volkeno ulionyooka kwa kilomita mia kadhaa na ambao wajuzi wa miamba huuhesabu kuwa miongoni mwa mitiririko mirefu kabisa ya lava duniani, kisha ikauvuka mto Athi na kuingia Kibwezi. Upande wa magharibi iko barabara itokayo Machakos ikapita Katumani na Wote hadi Makindu kwenye njia kuu ya Mombasa. Na iko ile ipitayo Masii na Wamunyu, kwa wachongaji wa vinyago waliojipatia sifa hata ng'ambo, ikaingia Kitui kwa njia ya Kwa Vonza. Ndizo barabara ambazo gari la spoti la kiasi laweza kuonyesha adabu yake, maana zina kona ndefu za kutulia, zina vilima vya kubadilisha gia, na asubuhi mapema huwa na nafasi.

Lakini barabara hizi zina wenyewe. Jioni punda warudio na madumu ya maji hutembea katikati ya lami, na mbuzi hawana desturi ya kutazama kushoto na kulia. Bodaboda hutokea vichochoroni bila taa. Na matuta yaliyojengwa mbele ya shule na masoko, mengine hayana rangi wala alama, hivi kwamba mgeni huyajua kwa mlio wa sampu ya oili inayoparuzwa. Na lami yenyewe ina mwisho. Kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwa watu wengi kuna kilomita kadhaa za marram, za mchanga, au za udongo mweusi ambao mvua za Oktoba hadi Disemba, zile tunazozitegemea kwa kilimo katika Ukambani, huugeuza uji. Mito yetu ya mchanga nayo, ambayo kiangazi hupitwa kwa miguu, hufurika kwa saa moja. Disemba 2021 basi lilisombwa katika mto Enziu huko Mwingi, na watu zaidi ya 30, wengi wao wanakwaya waliokuwa wakienda harusini, wakafariki dunia. Wala pasiwe na kijana atakayedhani kuwa gari zuri au ujuzi wa gia waweza kushindana na maji yaliyopita juu ya daraja. Mbele ya maji hayo magari yote ni mamoja, nayo dawa yake ni kusimama na kungoja.

Sasa, je, ni kweli kwamba jepesi na la kiasi laweza kushinda lenye nguvu katika njia kama hizi? Ushahidi tunao nyumbani, wala hatuhitaji kuutafuta Ulaya. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth II, na kwa miaka mingi madereva wake walikuwa wakiishika njia ya Mombasa kupitia Sultan Hamud, Makindu na Mtito Andei wakati ambapo vumbi la njia hiyo lilikuwa na sifa mbaya kuliko wapinzani. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyashinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya, bali ilikwisha kutumiwa katika mashindano kabla hajaipata. Mwaka 1974 alirudi na Mitsubishi Lancer, gari dogo la injini ya lita 1.6, akamshinda Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911, gari ambalo kwa nguvu na kwa bei halikuwa la kulinganishwa nalo. Mwaka uliofuata ushindi ulikwenda kwa Ove Andersson katika Peugeot 504, gari la familia, ambalo baadaye liliunganishwa Mombasa na kubeba abiria wa Kenya nzima, na ambalo siri yake haikuwa kasi, bali springi zenye mwendo mrefu, zilizoweza kulimeza shimo bila ya dereva kuondolewa mikono usukanini. Na mwaka 1993 Patrick Njiru alilifikisha mwisho wa mashindano gari dogo la Subaru Vivio, ambalo injini yake ni ya sentimita za ujazo 660 tu, katika njia ambazo magari makubwa yalivunjikia. Ninayataja haya kwa sababu vijana wetu wanaipenda Safari, na ni kheri waipende kwa yale iliyoyathibitisha.

Mintarafu ya soko, mnunuzi wa leo amewekewa mipaka ambayo hana budi kuijua. Kanuni ya Kenya, inayosimamiwa na Shirika la Viwango, hairuhusu kuingiza gari lililotimiza miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, wala gari lenye usukani wa kushoto. Hivyo mwaka 2025 gari lililosajiliwa kabla ya 2018 halikupokelewa Mombasa. Maana yake ni kwamba magari mengi ya gia za mkono yaliyopendwa zamani hayapatikani tena illa kwa kununuliwa humu humu nchini kutoka kwa mwenye nayo. Hata Toyota Probox, ambayo ndiyo mfanyakazi mkuu wa Kitui na Makueni, na ambayo wengi wetu tulijifunzia gia ndani yake, ilipofanyiwa mageuzi mwaka 2014 iliachishwa gia za mkono huko Japani. Kila mwaka idadi ya magari ya namna hii hupungua, na lililo zima linazidi kuwa na thamani. Asiyelitunza leo asitarajie kulipata jingine kesho. Fauka ya hayo, mnunuzi atazame leseni yake, kwani madaraja mapya yamemtenga aliyefuzu kwa otomatiki peke yake, naye hana ruhusa ya kushika gari la klachi. Na akumbuke kwamba injini nyingi za spoti za Kijapani, hususan zenye turbo, zilitungwa kwa petroli bora ya kwao inayokaribia okteni 100, ambayo hataiona katika kituo cha Ikutha wala cha Kathonzweni.

Haya, na tuyapitie magari yenyewe. Mazda MX-5, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, kwa maoni yangu ndiyo iliyoelewa kuliko zote maana ya kuendesha: viti viwili, magurudumu ya nyuma yanayosukuma, uzito wa takriban tani moja, na gia yenye mwendo mfupi ambayo mkono huipata bila kutafuta. Lau kama mtu anakaa Wote mjini, ana gari jingine la kwendea shamba, na ukoo wake haumdai kubeba mama, shangazi na magunia mawili ya pojo, sitamkataza. Lakini ni gari la watu wawili, na limekaa chini ya sentimita 15 kutoka ardhini, kwa hiyo si la kila siku kwa wengi wetu. Toyota 86 na ndugu yake Subaru BRZ, za mwaka 2012, zimeongeza viti vya nyuma ambavyo mtu mzima hatavishukuru, na kimo chake kutoka ardhini ni sentimita 13 tu. Usukani wake ni mtamu, lakini matuta ya Mutomo yatazitesa.

Subaru Impreza WRX ndiyo ndoto ya vijana wengi, na sitaificha heshima yake, kwani katika marram iliyolowa magurudumu yake manne hushika njia kwa namna ambayo huwezi kuisahau. Taksiri zake ni mbili. Ya kwanza ni ile niliyokwisha kuitaja, kwamba nguvu zake zaamka pale sheria inapokwisha. Ya pili ni kwamba zilizobaki nchini nyingi zimepita katika mikono mingi, zimebadilishwa turbo, zimekatwa springi, zimeendeshwa bila huruma, na mnunuzi hununua pamoja na gari dhambi za waliomtangulia. Toyota GR Yaris ya mwaka 2020, iliyotengenezwa kwa sababu ya mashindano ya dunia, ina injini ya silinda tatu ya lita 1.6, gia sita za mkono na magurudumu manne yanayosukuma. Ni gari la ajabu, nami ningelisifu usiku kucha, ila bei yake pamoja na ushuru imeliweka mbali na mwalimu, muuguzi na mkulima wa maembe, nao ndio ninaozungumza nao.

Limebaki gari ambalo halitajwi mara nyingi katika vijiwe, nalo ndilo ninalolichagua: Suzuki Swift Sport ya gia za mkono. Ile ya mwaka 2017 na kuendelea ina injini ya lita 1.4 yenye turbo, nguvu farasi 140, na uzito wa kilo 970. Ile iliyoitangulia ina injini ya lita 1.6 isiyo na turbo, nguvu farasi 136, na gia sita. Mpya ina wepesi zaidi wa kupita lori, na isiyotimiza miaka minane yaweza kuagizwa kihalali. Ya zamani ina sauti na tabia njema zaidi, maana nguvu zake zote hupatikana injini inapokaribia mizunguko 7,000 kwa dakika, na dereva anayezitaka hana budi kuzifanyia kazi kwa mkono na mguu. Kati ya hizo mbili moyo wangu umeielekea ile ya zamani, kwa kuwa haina turbo ya kuogopa joto la Kibwezi. Zote mbili zina viti vya watu wanne wa kweli, zina milango ya nyuma ukizitafuta zilizo sawa, na mafundi wetu waliozoea Swift za kawaida hawatazishangaa. Kilema chake ni kimo, kwani ziko sentimita 12 au 13 tu kutoka ardhini. Kwa hiyo kwa yule ambaye nyumbani kwake ni mbali na lami, huko ndani ya Nuu au Mbitini, namshauri aiache spoti ya jina aichukue spoti ya vitendo: Subaru Forester ya zamani yenye gia tano za mkono, ambayo ni ndugu wa Impreza kwa mifupa yake, lakini imesimama juu kiasi cha kupita korongo, na ambayo ikifungwa shoki nzuri hukata kona za Mbooni kwa heshima kubwa.

Neno moja juu ya tairi, kwa kuwa nimeona pesa nyingi zikipotea hapo. Rimu kubwa yenye tairi jembamba kama mkanda ni pambo la barabara za mji. Hapa kwetu shimo moja huipinda rimu, likapasua tairi, likakuacha saa tatu usiku kando ya njia. Chagua rimu ndogo kabisa inayoweza kuzizunguka breki za gari lako, na tairi lenye ubavu mnene, ili mpira ndio upokee pigo. Gari litaonekana la unyenyekevu zaidi, na litakwenda vizuri zaidi. Mwenye Swift na aongeze bamba la chuma chini ya injini kuihifadhi sampu.

Na unapokwenda kununua, nenda na fundi unayemwamini, wala usinunue kwa kuona picha. Panda kilima kwa gia ya nne, ukanyage mafuta ghafla. Injini ikipaza sauti na gari lisiongeze mwendo, klachi imekwisha. Shusha kutoka gia ya tatu hadi ya pili kwa haraka kidogo. Ikikwaruza, giaboksi inaomba pesa. Ingia uvunguni utazame kama sampu imepigwa, kama chasisi imeunganishwa kwa moto, na kama springi zimekatwa. Na gari lililokatwa springi uliache hapo hapo, hata kama bei yake inakubembeleza. Kisha hakikisha kitabu cha gari kinalingana na namba za injini na za chasisi. Mwenye gari akikukataza kufanya hayo, mshukuru, urudi nyumbani na pesa zako.

Vijana wangu wa Kitui na Makueni, na ninyi wazazi mtakaoombwa mchango: aliye karibu na lami na anunue Swift Sport ya gia za mkono iliyo nzima, yenye tairi nene na breki mpya, na aliye mbali na lami na anunue Forester, kisha pesa zilizobaki azitumie kujifunza kuendesha vizuri, asubuhi, kwa mwendo wa sheria, katika barabara ya nyumbani kwake.